Kwa muuguzi aliyekabidhiwa wodi: habari mbaya ikufikie mapema

Ukipewa wodi kwa mara ya kwanza utapongezwa, kisha utaonywa kuhusu rota (ratiba ya zamu), dawa kuisha na vikao visivyoisha. Kuna jambo moja ambalo wachache watakutajia, nalo ndilo linaloamua usalama wa wagonjwa saa ambazo wewe umelala nyumbani: je, walio chini yako wanakuletea habari mbaya ikiwa bado changa, au wanaikalia mpaka ijitokeze yenyewe?

Hapo ndipo akili ya hisia inapofanya kazi hospitalini. Mwaka 1990 wanasaikolojia wa Marekani Peter Salovey na John Mayer waliieleza kuwa ni uwezo wa kutambua hisia, zako na za wenzako, kuzitofautisha, na kuzitumia katika kufikiri na kutenda. Wengi wanaisikia wakadhani ni upole tu. Wodini ni zaidi ya upole. Uso wako, sauti yako na sentensi yako ya kwanza ndivyo vinavyofungua au kufunga njia ya habari.

Chukua wodi ya wazazi. Mama ana kifafa cha mimba, yuko kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, sindano ya gramu 5 kwenye msuli kila baada ya saa 4. Kabla ya kila dozi muuguzi anahakikisha mambo matatu: mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaitikia likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Dozi ya saa sita usiku haikutolewa. Saa kumi alfajiri, akiandaa inayofuata, muuguzi wa zamu anaona nafasi tupu kwenye chati. Anatoa ya saa kumi, ila hamwambii mtu. Saa moja na nusu asubuhi unaingia, unamkuta amesimama kando ya meza ya ripoti, faili amelikumbatia kifuani, anasubiri wengine watoke. Kisha, kwa sauti ya chini: "Sista, kuna dozi iliruka."

Kosa la kwanza limeshatokea usiku. Kosa la pili, la kukaa kimya kwa saa tatu na nusu, huenda limetokana na jinsi aliyeripoti mwezi uliopita alivyopokelewa. La tatu liko mikononi mwako sasa.

Sentensi yako ya kwanza imhusu mgonjwa: "Mama yukoje sasa hivi?" Ya pili: "Nani mwingine anajua?" Ya tatu: "Twende tukamwone." Mwende wote wawili, kwa sababu mkiwa njiani atakueleza mambo ambayo asingeyasema mbele ya meza. Mpime mama, daktari ajulishwe, chati iandikwe ukweli. Usikubali, hata kwa huruma, nafasi ile ijazwe kana kwamba dozi ilitolewa. Daktari atakayekuja mchana atapanga matibabu kwa kuiamini chati hiyo, na huruma yako itakuwa imemponza mama kitandani.

Mgonjwa akishakuwa salama, ndipo umuulize muuguzi. Namna ya kuuliza ina uzito. "Kwa nini hukutoa dozi?" humfanya mtu atafute utetezi. "Kuanzia saa tano mpaka saa saba usiku, wodi ilikuwaje?" humfanya akumbuke. Katika kukumbuka utasikia kwamba kulikuwa na akina mama wawili waliofika hatua ya kusukuma kwa wakati mmoja, kwamba chati ilikuwa imefungiwa kwenye droo ya ofisi, kwamba saa ya ukutani imekufa betri. Hayo unaweza kuyarekebisha siku hiyo hiyo. "Samahani Sista, sitarudia" haikupi cha kurekebisha.

Mtafiti Amy Edmondson aliwahi kupima timu za wauguzi katika hospitali za Marekani akitarajia kwamba zile zenye uongozi mzuri na uhusiano mzuri zingekuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikamletea kinyume chake. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1996, timu hizo ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba hazikuwa zikikosea zaidi. Zilikuwa zikisema zaidi. Kwa hiyo kitabu chako cha matukio kikikaa mwezi mzima bila mstari hata mmoja, usikipeleke kwa matroni kwa fahari. Wodi yenye vitanda 40 na wauguzi wawili wa usiku haiwezi kukaa mwezi bila kukosea. Jiulize nani alinyamaza, na alinyamaza baada ya tukio gani.

Kuna dalili nyingine za wodi iliyofunga mdomo. Kicheko kinakatika ukiingia. Ripoti ya zamu inasomwa haraka, kila mgonjwa "anaendelea vizuri". Mambo ya wodini unayasikia kwa mhudumu wa usafi au kwa ndugu wa mgonjwa.

Ripoti ya asubuhi ndiyo nafasi yako bora ya kugeuza hali hiyo, na kinachotakiwa ni kubadili mpangilio wa kuzungumza. Anza na mdogo kabisa, mwanafunzi au muuguzi aliyeajiriwa juzi. Muuguzi mkubwa akishasema mgonjwa yuko sawa, mwanafunzi aliyeona miguu imevimba hatainua mkono. Muulize kwa jina: "Wewe ulikaa naye usiku, kitu gani kinakutia wasiwasi?" Swali "kuna wasiwasi wowote?" hujibiwa "hakuna". Swali "kitu gani?" hudai jibu. Wiki ya kwanza utapata ukimya wa aibu. Uvumilie, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo kabla ya kumwokoa.

Wenye orodha ya ukaguzi ya upasuaji salama waliliona jambo hili. Shirika la Afya Duniani lilipoitoa mwaka 2008, kipengele kimoja katika vile 19 kilikuwa ni kila aliyemo chumbani kutaja jina lake na kazi yake kabla ngozi haijachanjwa. Mtu aliyekwisha kusikika mara moja hupata ujasiri wa kusema tena. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania, na kwa hospitali zote pamoja vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kutajana majina hakukufanya kazi hiyo peke yake, lakini waliotunga orodha hawakuona kuwa ni upotevu wa dakika.

Sasa kuhusu wewe mwenyewe, maana hisia ya kwanza unayotakiwa kuisoma ni yako. Ukisikia dozi imeruka, kinachopanda kifuani utakiita hasira. Ichunguze vizuri: mara nyingi chini yake kuna hofu, hofu ya mgonjwa kuharibikiwa na hofu ya jina lako kutajwa kwenye kikao. Itaje kwa jina lake kimoyomoyo kabla hujafungua mdomo. Hofu iliyotambuliwa huuliza maswali. Hofu iliyovaa hasira hufoka. Kama unahitaji muda, unao tayari: kunawa mikono kwa maji na sabuni kwa utaratibu kamili huchukua sekunde 40 hadi 60. Nenda kwenye sinki, nawa kama ulivyofundishwa, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kucha, kisha rudi. Hakuna atakayekuona umekimbia. Usipange rota, usiandike barua ya onyo, wala usijibu ujumbe mkali ukiwa umetoka zamu ya usiku au umetoka kumpoteza mgonjwa.

Kosa linalowaponza wengi siku hizi ni kundi la WhatsApp la wodi. Saa nne usiku kiongozi anaandika, "Kuna watu hawajui wajibu wao." Watu 20 wanasoma, kila mmoja anajiuliza ni nani, na aliyekusudiwa anashikwa na uchungu wa kusemwa hadharani. Kosoa ana kwa ana, faraghani, kabla zamu haijaisha, ukitaja tendo na saa yake. Isipokuwa pale hatari ikiwa mbele yenu: sindano iko mkononi na dozi ina shaka, zuia hapo hapo mbele ya yeyote. "Subiri, tusome chati pamoja" inatosha. Faragha itafuata baadaye.

Utasimamia pia watu waliokuzidi umri, pengine aliyekufundisha kukata kitovu. Endelea kumwamkia. Shikamoo haipunguzi cheo chako hata kidogo. Mfuate kabla ya kikao, si ndani ya kikao: "Mama, nataka kubadilisha utaratibu wa chati, nisaidie kuona nitakwama wapi." Ukimsikia kweli atakuonyesha mashimo mawili matatu. Lakini uamuzi ukishafanywa, yeye pia aufuate. Ukimwachia avunje utaratibu kwa sababu ya mvi zake, vijana watajua kwamba sheria ni ya wanyonge, na habari itakatika upande wao.

Kwa ndugu wa mgonjwa anayepaza sauti, usimwambie "tulia". Neno hilo humwambia kwamba tatizo ni yeye. Msogeze pembeni, mpe kiti, nawe ukae, msikilize mpaka amalize bila kumkatiza. Kisha mambo matatu: tunachokijua, tusichokijua bado, na saa utakayorudi kwake. Ukisema saa tano, rudi saa tano hata kama majibu ya maabara hayajatoka. Kutorudi ndiko kunakoleta kelele ya pili, na hiyo ni kali kuliko ya kwanza.

Usiitumie akili ya hisia kufunika upungufu. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 40 anahitaji mwenzake, na wewe ndiwe unayetakiwa kuliandika hilo kwa uongozi, kwa idadi, tarehe na zamu. Wala usinunue amani kwa kumpa ofu, yaani siku ya mapumziko, kila anayelalamika sana. Mpole ndiye atakayelipa, naye ndiye aliyekuwa akikuletea habari.

Yule wa faili kifuani mrudie. Usingoje kikao cha mwezi. Mfuate kwenye zamu yake inayofuata, mwonyeshe kwamba saa ya ukutani ina betri mpya, kwamba chati za magnesiamu sasa zinaning'inia miguuni mwa kitanda, na kwamba mambo hayo mawili yamebadilika kwa sababu alisema.