Maswali ya Wasomaji: Marando Mengi, Viazi Hakuna

SWALI: Marando ya viazi vitamu yamefunika matuta yote, lakini nikichimba napata mizizi myembamba tu. Vichache vilivyonenepa vina vitobo na ni vichungu. Samadi nilitia nyingi. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, hayo ni matatizo mawili tofauti. Marando yametokana na samadi hiyo hiyo: naitrojeni, kirutubisho kilichomo kwenye samadi, ikizidi, mmea hukimbilia majani. Shamba lenye samadi nyingi panda mahindi kwanza, viazi vije msimu unaofuata. Kivuli nacho hupunguza viazi, na vilevile udongo unaotuamisha maji.

Vitobo na uchungu ni kazi ya fukusi, mdudu mdogo anayetoboa viazi. Kiazi kilichotafunwa hutengeneza kemikali za kujikinga, na uchungu wake hauishi kwa kupika. Usikile, wala usiwape mifugo. Fukusi hawezi kuchimba udongo. Hukifikia kiazi kupitia nyufa za tuta, akatoboa na kutaga. Funza wakishakuwa ndani, dawa ya kunyunyizia majani haiwafikii, kwa hiyo usipoteze fedha huko. Ziba nyufa. Pandishia udongo wiki ya 4 baada ya kupanda, rudia kati ya wiki ya 6 na ya 8, na jua likikaza kagua tena, kwani tuta hupasuka hasa viazi vinaponenepa.

Vuna mara vikomaapo, miezi 3 hadi 5 kulingana na aina. Wengi huviacha ardhini kama ghalani, na huko ndiko fukusi huzaliana. Viazi vibovu vikusanye uvichome, na msimu ujao panda mbali na shamba hilo.

Mbegu pia ichaguliwe: kata ncha ya rando, sm 30 hivi. Sehemu ya chini ya shina iache, maana fukusi hutaga humo pia. Fukia vifundo 3 (mahali majani yanapochipukia), sm 30 kati ya mche na mche, na matuta yaachane m 1.

SWALI: Karoti zangu huota miguu miwili. Je, mbegu ni mbovu?

JIBU: Mara nyingi mbegu haina kosa. Ncha ya mzizi imegonga jiwe, bonge la udongo au samadi mbichi, ikaumia na kugawanyika. Tifua hadi sm 30, tumia mboji iliyooza kabisa, na usihamishe miche: sia palepale, kisha ng'olea ibaki sm 5 kati ya mche na mche.