Kabla hujalipa dipoziti Mombasa: maswali yenu sita kuhusu flati

Asalaam aleikum na habari zenu. Tangu niseme hapa kuwa nimehama flati nne ndani ya miaka saba, maswali hayakatiki. Leo nimechukua sita, mengine nimejibu kwa urefu manake yaniuma.

"Dada, natoka Nakuru, nimepata kazi ya hoteli. Kuna flati Bamburi ghorofa ya tano, ejenti asema maji yapo masaa 24. Nimwamini?"

Kakangu, usimwamini mpaka uyafungulie mwenyewe. Simsemi kuwa ni mwongo, huenda hajui tu, hakai pale. Mombasa hatuna mto wetu wa maji matamu, yetu yatoka mbali, kuna ya chemchemi za Mzima kule Tsavo na kuna ya visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na yakifika mjini yanagawanywa kwa zamu, mtaa huu leo mtaa ule kesho kutwa. Kwa hivyo ukisikia "maji masaa 24" mara nyingi ni kisima cha hapo hapo ploti, na kisima cha karibu na bahari huwa na chumvi. Maji ya chumvi utaogea na kufulia, lakini chai hutaweza, utanunua ya kunywa kwa mitungi ya lita 20 na hiyo ni pesa kila wiki juu ya kodi.

Uliza hivi: maji ya mfereji huja siku gani, tangi ni lita ngapi na nyumba ni ngapi. Tangi la lita 10,000 kwa nyumba 20 ni lita 500 kila nyumba, familia yenye watoto na nguo za kufua hiyo ni siku mbili au tatu tu, na mfereji ukikaa wiki haujaja je? Alafu uliza pampu, stima ikipotea yaendeshwa na nini. Mimi niliwahi kukaa ghorofa ya nne kwa nyumba moja Kisauni, pampu ikaharibika mwenye nyumba akanyamaza siku kumi na moja, nikawa napandisha mitungi ngazi kwa ngazi na mimba ya miezi sita, mtungi wa lita 20 ni kilo 20 hiyo, na sitaki mtu mwingine apitie yale.

Ukienda kuangalia beba kipande cha sabuni. Fungua bomba, nawa mikono, sabuni ikikataa kutoa povu jua hayo ni ya chumvi. Angalia na kichwa cha shawa na mabomba kama yameota ukoko mweupe. Na shawa ya umeme ndo muhimu zaidi, kuna za maji matamu na kuna za maji ya chumvi, madukani zauzwa mbali mbali, manake maji ya chumvi yanapitisha umeme zaidi. Ukikuta kisima cha chumvi na shawa ya maji matamu, au haina waya wa athi, usiogee pale mpaka fundi wa umeme aitazame. Watu wamerushwa na umeme wa shawa.

"Mwanangu, nimeonyeshwa nyumba Tudor karibu na kriki, kodi ni rahisi lakini dari ya veranda inabanduka na chuma chaonekana. Mwenye nyumba asema atapiga rangi."

Mamangu, rangi si dawa ya hiyo. Hiyo ni nondo inaoza ndani ya zege. Hewa yetu ina chumvi, na kuna wajenzi walitumia mchanga wa bahari ambao haukuoshwa, chumvi ikifika kwenye nondo yashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kwa hivyo inasukuma zege mpaka linapasuka na kuanguka. Ukiona mstari wa rangi ya kahawia ukifuata urefu wa boriti au nguzo, ni huo huo ugonjwa umeanza.

Tenganisha nyufa lakini, usiogope kila ufa. Nyufa nyembamba kama nywele kwenye plasta ya ukuta ni za kawaida. Zinazotisha ni ufa kwenye nguzo, ufa wa kukata mshazari kuanzia pembe ya dirisha au mlango, ufa ambao kidole chaingia, na milango ambayo zamani ilifunga sasa haifungi. Shuka mpaka chini kabisa, pale pa kuegesha magari, uangalie nguzo zote, huko hawapigi rangi kila mwaka. Na uliza kama jengo liliongezwa ghorofa baadaye. Nyumba iliyowekewa msingi wa ghorofa tatu ikabebeshwa tano ni hatari hata ikiwa mpya na ina taili za kung'aa. Jengo linalojengwa latakiwa lisajiliwe na NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, na michoro ipitishwe na kaunti, una haki ya kuuliza karatasi. Hiyo ya Tudor mama iache, kodi rahisi isikuvute.

"Chumba cha kutazama magharibi kodi yake ni elfu mbili chini ya cha kutazama mashariki. Kuna tofauti gani?"

Joto, na tofauti utaisikia usiku. Ukuta wa magharibi wapigwa na jua alasiri yote unahifadhi ule moto, unakutolea saa nne usiku ukitaka kulala. Hizo elfu mbili utazilipa kwa stima ya feni. Kusi yavuma kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki, kwa hivyo dirisha la kutazama mashariki ndo linapata upepo misimu yote miwili, bora tu lisiwe limezibwa na ghorofa la jirani. Na chumba kiwe na dirisha jingine mkabala, hewa ikiingia ipate pa kutokea. Mwezi wa tatu, maleleji yakianza na upepo ukakata, utanishukuru.

"Nina mtoto wa miezi minane, nyumba tuliyoipenda iko upande wa Jomvu na nyuma yake kuna viwanda. Mume wangu asema ni moshi tu."

Shoga, mwambie aangalie yaliyotokea mtaa wa Owino Uhuru, ni huko huko Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa kimepakana na nyumba za watu, risasi, ile madini, ikaingia hewani na udongoni na kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi pale na mwanawe akaugua, ndo alisimama mpaka kikafungwa, akapata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka wa 2015, na 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi huwezi kuiona wala kuinusa, na mtoto wa kutambaa ndo wa kwanza kuipata manake kila kitu kwake ni mdomoni.

Si kila kiwanda ni hivyo. Lakini jua chatengeneza nini, uliza jirani aliyekaa miaka, tazama vumbi kwenye majani ya miti na madirishani. Kama hakuna anayeweza kukuambia mle ndani kunafanywa nini, tafuta nyumba nyingine dadangu, hata iwe ndogo.

"Nafanya kazi mjini karibu na Posta. Nikae Likoni au Nyali?"

Pima kwa miguu yako, usipime kwa ramani. Ukitoka Likoni feri ya mtembea kwa miguu ni bure, lakini foleni ya saa moja asubuhi na feri moja ikiharibika ni saa zima limekwenda. Kwa gari sasa kuna barabara ya Dongo Kundu inakuzungusha mpaka Miritini, sawa kwa anayeenda Changamwe au airport, wewe wa Posta utazunguka mno. Ukikaa Nyali, Kongowea, Bamburi, nyote mwamiminika daraja moja la Nyali. Nenda Jumatatu, panda matatu hapo hapo stage ya hiyo nyumba saa kumi na mbili na nusu, uone wafika saa ngapi, na jioni urudi vivyo hivyo. Mimi kwa kazi ya mjini ningebana matumizi nitafute chumba Majengo au Ganjoni.

"Ejenti ataka pesa ya kuonyeshwa nyumba na dipoziti leo leo kwa M-Pesa, asema kuna watu watatu wanaingoja."

Usitume. Hao watu watatu huwa wanangoja kila nyumba. Ejenti wa kweli anatakiwa awe amesajiliwa na bodi ya maejenti wa nyumba, muombe jina na namba. Alafu panda juu mwenyewe bila yeye, gonga mlango wa mpangaji yeyote, umuulize kodi alipa kwa nani. Jina analokupa na jina la M-Pesa yakitofautiana, ondoka.

Pesa ikitoka itoke na mkataba na risiti, ndani imeandikwa dipoziti yarudi lini na yakatwa kwa kitu gani. Usitegemee mahakama ya kodi za nyumba, sheria yake inashika nyumba za kodi ya shilingi 2,500 kurudi chini, flati hazimo, kwa hivyo kinga yako ni hiyo karatasi. Siku ya kupewa funguo piga picha kila ukuta na kila bomba umtumie mwenye nyumba kabla hujaingiza hata kijiko. Na mita ya stima, muulize kareteka, yule mwangalizi wa jengo, tokeni yanunuliwa paybill gani. Akikwambia 888880 hiyo ni ya Kenya Power moja kwa moja, akikupa nyingine ni mita ndogo ya mwenye nyumba, muulize uniti auza bei gani, na bei hiyo iandikwe kwenye mkataba.