Mkuu, mama akitoka eda mtakuwa mmechelewa

Umeuliza kama gari la marehemu mzee linaweza kuuzwa na kama wakili ni lazima, halafu katikati ukapitisha juu juu kwamba wazee wamesema mirathi isiguswe mpaka mama atoke eda na "atulie". Hapo ndipo uliponiumiza.

Maneno hayo hayo tuliambiwa na baba yetu mdogo. Alisema mbele ya watu kwamba anayetaja nyumba mapema amefurahia msiba. Nani angefungua mdomo tena? Eda ikaisha, ukaja mfungo, ikaja harusi, miaka ikakatika. Kodi za wapangaji anapokea yeye, eti kwa niaba ya familia. Akaunti ya mzee benki haiguswi kwa kuwa hakuna msimamizi wa mirathi. Mama, ndani ya nyumba aliyojenga na mumewe, akawa anamwomba shemeji yake hela ya dawa za presha.

Na hela ndiyo ilikuwa nafuu. Mama geti likigongwa anashtuka, anadhani wamekuja kumtoa. Dada yangu akaacha kuja sikukuu. Tukikaa kula, kila mtu anakwepa jambo lile lile, na usiku usingizi hauji. Hata kumlilia mzee tulishindwa, maana kila akitajwa mawazo yanakimbilia kwenye nyumba. Baba mdogo alituibia msiba wetu, nitalisema hili popote.

Kanuni zinazotumika Mahakama za Wilaya na Mahakama Kuu zinataka ombi la kusimamia mirathi linalopelekwa baada ya miaka 3 tangu kifo lieleze sababu ya kuchelewa. Sababu yetu ilikuwa kuona haya. Jaribu kumwandikia hakimu hiyo.

Eda inamzuia mama kuolewa. Haiwazuii ninyi watoto kukaa kikao, kuandika muhtasari, kupendekeza jina la msimamizi, kufuata cheti cha kifo RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo) na kwenda Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi hapewi nyumba, anapewa kazi: ndani ya miezi 4 anatakiwa apeleke orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5. Baba mdogo hakuna aliyewahi kumdai fomu yoyote, ndiyo maana hakuwa na haraka.

Umesema arobaini ni Jumamosi na ndugu wote watakuwepo. Kikao kiwe siku hiyo hiyo, kabla watu hawajapanda mabasi.