Kifaa "kimechomolewa" au "kimechomoka"?

Swali: Natengeneza API (kiunganishi ambacho programu nyingine hukitumia kuwasiliana na yangu) inayotuma arifa kila kifaa kinapoingizwa au kutolewa kwenye kompyuta. Mimi nimeandika "Kifaa kimechomolewa". Mwenzangu anataka "Kifaa kilichomoka". Nani yuko sahihi?

Jibu: Wewe umepatia wakati, mwenzako amepatia kauli.

"Kimechomolewa" ni kauli ya kutendwa. Nyuma yake yupo mtu aliyevuta waya, hata asipotajwa. Je, programu yako inamjua? Inachojua ni kwamba maikrofoni ilikuwepo na sasa haipo. Huenda waya ulilegea, huenda paka kaupitia. "Kimechomoka" hakimsingizii mtu. Aliyekuwa hajagusa kitu akisoma "kimechomolewa" ataanza kuwakagua waliokaa karibu naye.

Ila usije ukaenda upande wa pili kwa mlinganyo huohuo ukaandika "kifaa kimechomeka". Chomeka, kinyume cha chomoa, ni tendo la mtu: mtu huchomeka waya. Kifaa kikichomeka chenyewe, msomaji atakumbuka kitenzi choma na kunusa kama kuna moshi. Hapo kutendwa hakuepukiki: "kimechomekwa". Kwa vifaa vya Bluetooth hakuna kinachochomekwa wala kuchomoka. Andika "kimeunganishwa", na kinapopotea, "muunganisho umekatika".

Sasa wakati. Kiambishi -me- kinasema tendo limetimia na hali yake ingalipo: kifaa kimechomoka, na hadi sasa kiko nje. Hiyo ndiyo lugha ya arifa inayotokea kwenye skrini. Kwenye faili la kumbukumbu litakalosomwa kesho, -li- ya mwenzako inakaa vizuri: "Saa 4:12 kifaa kilichomoka." Lakini arifa ikichelewa, na mtumiaji akawa amekwisha kukirudisha kifaa, -me- yako imekuwa uongo. Kwa hiyo kabla ya kuonyesha maneno hayo, programu iisome upya orodha ya vifaa.

Kuna pia arifa za kabla ya tendo. Windows, kwa mfano, hutuma ujumbe mmoja wa kuomba ruhusa kabla kifaa hakijaondolewa, na mwingine kikishatoka. Huo wa kwanza usiupe -me- kabisa, maana programu bado inaweza kukataa. Andika "Kifaa kinaombwa kuondolewa". Na hapa kutendwa ni haki yake, kwa kuwa kweli kuna anayeomba.

Hukuuliza hili, lakini nimeliona mara nyingi: waandaaji wa programu huacha pengo la jina mbele ya kitenzi, kisha mtumiaji anapata "Maikrofoni kimechomoka" na "Spika kimechomekwa". Ngeli haikubali. Maikrofoni imechomoka, kipanya kimechomoka, na programu haiwezi kubahatisha ngeli ya jina alilolitunga mtengenezaji wa kifaa. Tanguliza neno kifaa, jina lifuate baada ya nukta pacha: "Kifaa kimechomoka: Maikrofoni". Vikiwa vingi, "Vifaa 2 vimechomoka".