"Reciprocal" maana yake nini?

Ndugu uliyeuliza maana na asili ya neno la Kiingereza "reciprocal": ni sifa ya pande mbili zinazotendeana, huku kukitenda na kule kukijibu. Waingereza walilipata kutoka Kilatini katika karne ya 16. Mzizi wake ni "reciprocus", ambao kwa kawaida huchambuliwa kuwa re-, yaani nyuma, na pro-, yaani mbele. Warumi walilitumia hata kwa bahari, maji yakijaa na kupwa. Picha hiyo ndiyo iliyonifungua macho: maji ni yaleyale, yanakwenda na kurudi.

Kwa Kiswahili usihangaike kutafuta neno moja la kulibeba kila mahali, maana tunayo -ana, ile tunayoiweka mwishoni mwa kitenzi. Penda, pendana, athiri, athiriana. Ukiandika "lugha hizi mbili zimeathiriana" umeshamaliza, na kuongeza "kwa pande zote mbili" ni kurudia tu. Ila usichanganye na "patikana" au "julikana". Hapo hakuna anayemtendea mwenzake.

Kwenye hesabu ni namba mbili zinazozaa 1 zikizidishwa, kama 4 na 1/4.