Mdudu wa bluu kwenye gunia la ng'onda

Dada, huyo uliyemkuta kwenye gunia la ng'onda si kombamwiko mchanga. Ni mbawakavu, jina la kisayansi Necrobia rufipes. Mtazame miguu: myekundu kama kutu, na vipapasio vyekundu shinani, vyeusi kwenye kile kirungu cha nchani. Mwili ni wa milimita 4 hadi 7 hivi, unametameta bluu au kijani ukiugeuza juani. Yupo mwenzake, Necrobia violacea, wamefanana mno ila miguu yake ni myeusi. Huyu wako hupenda hata mbata. Ni kweli hula pia funza wa nzi humohumo, lakini usimwonee huruma, anamtoboa samaki vilevile. Waanike samaki tena mpaka wakakamae, gunia badilisha.