Kupenda na kutopenda kwa Kiajemi: zaidi ya «dust daram»

Ndugu uliyeuliza kwa nini Wairani wanakuelewa unaposema dust daram, yaani napenda, ilhali wao wenyewe wakiishika nguo dukani husema neno jingine kabisa, nitakujibu kwa niliyoyazoea nilipokuwa nikisoma Qom, mji wa Iran, ambako Kiajemi kilikuwa lugha yetu ya darasani, ya bwenini na ya sokoni.

Dust daram ulilofundishwa ni sahihi, nalo hutumika zaidi kwa pendo lililokwisha kukaa moyoni: chai dust daram, napenda chai, dustat daram, nakupenda. Ukikanusha, unasema dust nadaram. Kitu mahususi hufuatwa na ra, ambayo katika mazungumzo hutamkwa ro au o, kwa hiyo «napenda kitabu hiki» ni in ketab ro dust daram, lakini chai kwa ujumla wake haiihitaji. Ukitaja tendo, kitenzi cha pili hubeba nafsi yake, kama tunavyosema «napenda niende»: dust daram beram Shiraz.

Utamu wenyewe uko kwenye khosham miad, yaani napendezwa, na hapa Mswahili ana faida kubwa. Kitenzi hakimfuati anayependa. Hubaki vilevile kwa nafsi zote, na kinachobadilika ni kiambishi cha nafsi kilichong'ang'ania khosh: khosham miad kwangu mimi, khoshet miad kwako, khoshesh miad kwake. Kinachopendwa hutanguliwa na az, kwa mfano az in rang khosham miad. Sisi tunaosema kila siku «rangi hii inanipendeza, inakupendeza, inampendeza» tumekwisha kuzoea kwamba anayependezwa si lazima awe mtenda, basi muundo huu usikutishe. Na lile neno ulilolisikia dukani bila shaka ni khosham umad, yaani wakati uliopita, linalosemwa pale kitu kinapokuvutia papo hapo, sawasawa na sisi tunavyosema «nimeipenda» huku tungali tunakitazama.

Kinyume chake ni badam miad, nacho ni kikali kuliko dust nadaram, kwa kuwa kina harufu ya kuchukizwa. Ajabu ni kwamba kikikanushwa hugeuka kuwa upole: badam nemiad ye chai bokhoram ni kusema kwamba nikipata chai sitakataa. Msemo huu ushike vizuri, kwa sababu Wairani huutumia mno na vitabu vya wanaoanza aghalabu huuruka.

Mezani ndipo pa kuwa mwangalifu zaidi. Ukiandaliwa kalle-pache, ile supu ya kichwa na miguu ya kondoo inayonywewa alfajiri, nawe huiwezi, usithubutu kumwambia mwenyeji az in badam miad, kwani utakuwa umekitukana chakula chake. Sema be man nemisaze, yaani hakipatani na mwili wangu, kisha umshukuru kwa dastetun dard nakone, dua ya kuombea mikono iliyopika isiumwe. Adabu yao ya ta'arof humtaka mgeni akatae kwanza na mwenyeji asisitize, kwa hiyo kukataa kwako kwa mara ya kwanza hakutahesabiwa kuwa kukataa. Akirudia mara ya pili na ya tatu, mjibu kwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile, naye ataelewa kwamba hukatai kwa kuona haya tu.